Shangazi Hajazwi Jina

Shangazi yangu ni fundi wa makochi, na ana jina moja. Nayasema yote mawili kwa mpigo kwa sababu watu humuuliza hilo la pili kabla hawajamaliza kusikia la kwanza. Jina moja tu? La baba je? La ukoo? Yeye huendelea kupigilia kitambaa. Ukizidi kumsumbua atatoa misumari mdomoni, maana ndiko anakoihifadhi akiwa kazini, akuambie kwamba baba yake alijulikana mtaa mzima, alikuwa mtu wa heshima zake, na yeye pia alikuwa na jina moja, na mama yake vilevile, na hakuna kati yao aliyewahi kushindwa kurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Halafu anarudisha misumari mdomoni, na maswali yamekwisha.

Mimi nina majina matatu. Si kwa hiari yangu. Baba yangu na Shangazi ni ndugu wa tumbo moja, na walipelekwa shule siku moja. Mwalimu aliyewapokea alikuwa na daftari la mahudhurio lenye nafasi tatu kwa kila mtoto, na alikuwa mtu asiyeweza kuona nafasi tupu akalala usingizi. Akawajazia. Nafasi ya pili akaweka jina la baba yao. Ya tatu, kwa kuwa watoto hawakuwa na la kumpa, akaweka jina la babu yake yeye mwenyewe mwalimu, akasema ni zawadi.

Asubuhi yake akaita majina. Baba yangu alipoitwa yote matatu aliitika, "Nipo!" Alikuwa mtoto mpole, na bado ni mzee mpole. Shangazi akanyamaza. Mwalimu akaita tena, Shangazi akatazama nje dirishani. Akaulizwa kama yeye si huyo anayeitwa. Akasema huyo hamjui. Jina la baba ni la baba, bado analitumia, na huyo wa tatu ni mzee wa watu. Alichapwa, akanyamaza. Akawekwa kusimama nje, akanyamaza huko nje. Ilichukua karibu muhula mzima mpaka mwalimu alipochoka, akaita jina moja kavu kavu, na Shangazi akasema "Nipo" kwa sauti iliyoamsha darasa la jirani.

Kwa hiyo mimi, mtoto wa ndugu yake mpole, nimebeba kwenye kitambulisho, kwenye vyeti vya masomo na kwenye cheti changu cha ndoa jina la mzee nisiyemjua, ambaye hajui kama nilizaliwa. Watoto wangu nao wanalo. Shangazi akitaka kuniudhi huniita "mjukuu wa mwalimu". Nikiwa mdogo nililia. Siku hizi namjibu, na yeye anafurahi zaidi nikimjibu.

Nyumba yake ni chumba kimoja cha kulala na kingine kikubwa cha kazi, na hicho cha kazi hakina pa kukanyaga. Kuna makochi yaliyovuliwa nguo mpaka mbao, kuna magunia ya sponji, kuna mashine ya kushonea ambayo hairuhusu mtu mwingine aiguse. Mume wake alifariki akiwa bado kijana, na ndugu wa mume walipokuja kumwambia sasa achukue jina la ukoo wao ili mambo yake yawe rahisi, aliwapa chai, akawasindikiza hadi barabarani, akawatakia safari njema. Kisha akaenda kushona kochi la mtu. Amelea watoto wawili kwa makochi ya watu.

Ndipo macho yakaanza. Alificha, nasi tulikuwa vipofu kuliko yeye. Alianza kutunga uzi kwa ulimi na kidole badala ya macho, akisema ndivyo mafundi wa kweli wanavyofanya. Alianza kupapasa mishono. Tulijua siku mteja alipomrudishia kochi akiwa amenuna: kitambaa cha maua, na maua yote ya kiti cha kati yamening'inia kichwa chini. Shangazi alilitazama lile kochi kwa karibu sana, pua inagusa kitambaa, kisha akasema, "Lete hapa nilifumue," kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mimi nililia njiani nikirudi nyumbani, nasema wazi. Mtu akikosa mkono mmoja atapata namna. Fundi wa makochi akikosa macho, kazi yake imekwisha na yeye amekwisha nayo.

Ilikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bahati ikawa kwamba madaktari bingwa wa macho walikuwa wanakuja hospitali kubwa ya mji kwa wiki moja, kupasua bila malipo, halafu waende zao na wasirudi mpaka Mungu apende. Na hospitali hiyo ndiyo ninakofanya kazi. Niko chumba cha kompyuta, mwisho wa korido, chumba chenye baridi kuliko chumba cha maiti na wafanyakazi wachache zaidi. Sisi ndio tunaotunza hifadhidata ya wagonjwa: nani, wa wapi, anaumwa nini, alipewa nini. Nikamwandikisha Shangazi mwenyewe. Kwenye safu ya jina la kwanza nikaandika jina lake. Safu ya pili na ya tatu nikaziacha wazi, kwa sababu hana, na mfumo ukakubali bila kinyongo. Nikamwambia, "Kesho ukakae ukumbini, usubiri kuitwa."

Akakaa. Hakuitwa.

Inabidi nieleze kuhusu Dada. Dada ni spika. Hospitali ilinunua mfumo kutoka kwa kampuni moja, na pamoja na mfumo ikaja sauti ya mwanamke mpole inayosoma majina ya wagonjwa ukumbini: "Mgonjwa fulani wa fulani, dirisha la pili." Sisi tukamwita Dada. Dada hana kinyongo na mtu, anasoma anachopewa. Sasa nilipotoka mchana kumtafuta Shangazi nikamkuta kwenye kona ya ukumbi, kwenye benchi lililochanika, pamoja na watu wengine wanaofanana na watu waliozoea. Dada akasema, "Mgonjwa," akanyamaza kidogo, akasema, "dirisha la pili." Hakutaja mtu. Watu wa ile kona wakatazamana. Mwanaume mmoja, seremala mwenye shavu limevimba, akauliza, "Ni zamu yangu au yako, mama?" Mama muuza mkaa akasema, "Nenda wewe, jino haliulizi zamu." Seremala akainuka akaenda dirishani, akapokewa.

Nikauliza kuna nini. Shangazi akacheka. "Hii ni kona ya kimya, mwanangu. Sisi ndio tunaoitwa kimya. Huyu ana jina moja, huyu ana mawili, yule pale la katikati alilikataa mwenyewe. Dada akinyamaza, tunajua ni mmoja wetu. Tunapangana wenyewe, nani alifika baada ya nani. Mbona tunaelewana."

"Na wewe mbona hujaenda?"

"Mimi ni wa macho. Wa macho hawaitwi na Dada leo. Wanaitwa kwa karatasi, na karatasi haina kimya. Daktari ameisoma yote, akasema kuna mistari mitupu, bila shaka ni makosa ya mashine, akaikata kwa kalamu."

Nikarudi ofisini karibu nakimbia.

Kosa lilikuwa dogo na la kijinga kiasi kwamba nilitaka kuipiga kompyuta kofi. Ili kupata jina kamili, mfumo unaunganisha safu tatu: la kwanza, nafasi, la pili, nafasi, la tatu. Yakiwepo yote matatu, safi. Lakini safu ikiwa haina kitu, kompyuta haisemi "hapa hakuna, niendelee." Inasema "hapa sijui." Na kwake yeye, "sijui" ikiunganishwa na kitu chochote, jibu lote ni "sijui". Ukimimina kitu usichokijua kwenye sufuria ya mchuzi, huwezi tena kusema sufuria ina mchuzi. Ndivyo mashine inavyofikiri, na kwa mahesabu yake iko sahihi. Aliyekosea ni aliyeandika ile amri ya kuunganisha, akadhani kila mtu duniani ana majina matatu. Jina la Shangazi lilikuwa limeandikwa vizuri, liko pale pale kwenye safu ya kwanza, nimeliona kwa macho yangu. Pengo la pembeni ndilo lililolimeza.

Nikaenda kwa Mkuu wangu wa kitengo. Mkuu ni mtu mwema mwenye woga. Hajawahi kumfokea mtu, huwa anawanunulia wafagiaji chai, na anahesabu miezi mpaka astaafu bila doa. Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo.

"Hilo la majina? Mbona lina dawa yake siku nyingi. Mapokezi wanajaza."

"Wanajaza nini?"

"Chochote. Mfumo unataka kitu tu pale."

Nikafungua nikaangalia, nikashika kichwa. Kumbe kila karani wa mapokezi alikuwa na dawa yake. Mmoja alikuwa anaweka nukta. Mwingine anaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, mara mbili kama yamekosekana mawili. Na yule karani wa asubuhi, baba mmoja mwenye kitambi na mzaha usioisha, yeye huandika jina la mkewe. Anasema ni jina zuri na lina baraka. Mji huu una watu wengi sana wanaoitwa kwa jina la mke wa karani, wake kwa waume, na wengine wana ndevu. Waliofika wakati karani ana haraka ndio waliobaki na pengo, na hao ndio kona ya kimya.

Usicheke sana. Nukta naweza kuifuta. Lakini mke wa karani nitamtoaje? Nikiona jina lake kwenye faili ya mtu, nitajuaje kama ni la mzaha au ni la kwao kweli? Kitu kikishajazwa kinafanana na ukweli, na hakuna alama ya kukitofautisha. Na hao HAKUNA HAKUNA nao walikuwa wameanza kugongana. Wanawake wawili wenye jina la kwanza moja, wote HAKUNA HAKUNA, waliwahi kuitwa siku moja, na bibi aliyekuja kung'olewa jino akalazwa kitandani akapakwa mafuta ya kipimo cha mimba tumboni kabla hajapata nafasi ya kufumbua mdomo. Hospitali nzima ilicheka wiki nzima. Mara nyingine ikawa ni sindano ya mtu mwingine, bahati muuguzi akauliza umri dakika ya mwisho. Hiyo hatukucheka.

Mkuu akasema tumwite Shangazi, tuyamalize kwa amani. Akaja na kigoda chake. Hakai kwenye viti vya watu wengine kama anaweza kuepuka, anasema vimeshonwa na wezi.

"Shikamoo, mama," Mkuu akasema.

"Marahaba, baba."

"Mama, tatizo lako ni dogo sana."

"Basi limalize."

"Tunahitaji jina la pili na la tatu. Lolote lile. Hata ukitumia la binti yako hapa, ukoo ni mmoja."

Shangazi akanigeukia. "Binti mwenyewe kaazimwa jina."

Mkuu hakuelewa, na mimi sikumweleza.

"Basi tuandike HAKUNA, mama. Ni kweli si uongo, kwa sababu kweli huna."

"Nikiitwa Hakuna, daktari atapasua jicho la nani?"

"Nukta, basi. Nukta tupu. Nukta si jina."

"Kama si jina, ya nini kwenye jina langu?"

Mkuu akamwambia kwa upole, na najua ulikuwa upole wa kweli, kwamba karatasi ya upasuaji itafungwa leo jioni, kwamba madaktari wanaondoka keshokutwa, kwamba macho ni macho. Mama asiyapoteze kwa ajili ya kitu kidogo. Mimi mwenyewe, nakubali, nilimshika Shangazi mkono nikamnong'oneza, "Shangazi, ni nukta tu. Nitaifuta wiki ijayo."

Akautoa mkono wake kwenye wangu. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika.

"Baba yako naye aliambiwa ni la shuleni tu," alisema. "Litafutwa akimaliza."

Akainuka na kigoda chake, akatoka, akakiweka kwenye korido mkabala na mlango wetu, akaketi. Watu wakimuuliza anasema, "Nasubiri kuitwa." Mlinzi akaja, akamtazama, akakumbuka kochi la mama yake lilishonwa na nani, akaondoka. Baada ya muda nikachungulia nikaona kigoda hakina mtu. Nikamfuata ukumbini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile benchi lililochanika la kona ya kimya, sindano ndefu ya kushonea makochi mkononi, uzi mdomoni, analishona. Alikuwa hatazami. Uso ameuinua juu kama anayesikiliza redio, na vidole vinapita kwenye mpasuko vikitafuta ukingo wa ngozi. Seremala ameishika ngozi upande mmoja kwa vidole vyake vizito. Afisa mmoja alikuwa anamwambia mali ya hospitali hairekebishwi bila kibali.

"Usiponiita, nitakaa," Shangazi akamjibu bila kugeuka. "Na nikikaa, nikae pazuri."

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nilirudi ofisini, nikamkuta Mkuu anakunywa chai, nikaigeuza skrini yangu imwelekee yeye ili asije akasema nilifanya kwa kificho.

"Unafanya nini?"

"Naibadilisha amri ya kuunganisha majina."

"Mkataba unasema hatugusi amri za kampuni."

"Mkataba unasema pia mfumo utaita wagonjwa. Hauwaiti."

"Waandikie kampuni. Watajibu."

"Watajibu madaktari wakiwa wameshafika kwao. Mkuu, mimi sitajaza majina ya watu. Nukta siweki, HAKUNA siweki, mke wa mtu simweki. Mtu akiwa na jina moja, ana jina moja. Mashine ndiyo itakayojifunza, si yeye."

"Ukigusa utajieleza."

"Nitajieleza."

Mkuu akachukua kikombe chake akatoka nacho nje, akafunga mlango polepole nyuma yake. Sijui mpaka leo kama aliniacha nifanye au alikimbia asione. Labda ni yote mawili.

Mara ya kwanza nilifanya kwa pupa. Kuna neno la kuiambia kompyuta: ukikosa hiki, tumia kile. Nikaiambia, ukikosa jina la pili, tumia patupu, pasipo herufi hata moja. Majina yakatoka! Lakini yakatoka na nafasi za ziada zinazoning'inia, maana nafasi kati ya majina zilikuwa zimebaki hata pale ambapo majina hayapo. Nikamjaribu Dada, akawa anasoma jina halafu anavuta pumzi ndefu kama mtu anayesubiri mengine. Hapana. Sikutaka Shangazi aitwe halafu asubiriwe mengine.

Nikafikiri kidogo, nikaifunga kila nafasi na jina lake kabla ya kuuliza kama lipo. Nafasi na jina la pili, pamoja. Nafasi na jina la tatu, pamoja. Jina likikosekana, ule ukaidi wa mashine wa kusema "sijui" unaimeza na nafasi yake pia, kifungo kinaondoka na uzi wake, na hapo ndipo naweka patupu. Ukaidi ule ule uliowanyamazisha watu sasa ukawa unafagia. Mwenye matatu anatoka na matatu, mwenye mawili na mawili, mwenye moja anatoka na moja, safi, bila mkia. Kwenye jedwali sikugusa kitu. Kilichokuwa wazi kikabaki wazi, kama wenyewe walivyokuja.

Nikachapisha karatasi ya macho upya. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na mistari mitupu yote ilikuwa imeota majina. Nikaipeleka mwenyewe kwa muuguzi wa macho. Akaisoma, akauliza hawa wote wametoka wapi. Nikamwambia walikuwepo tangu asubuhi, wamekaa pale kwenye kona. Akachungulia ukumbini, akaliona benchi limekwisha kushonwa, akasema wataanza nao kesho, na watamtumia Dada ili kelele za kuita zipungue.

Kesho yake nilikuwa ukumbini kabla ya ofisi kufunguliwa. Shangazi yuko kwenye benchi lake, amevaa nguo ya kutokea, kigoda miguuni, mikono kwenye mapaja. Kona yote ya kimya ilikuwepo, hata seremala ambaye jino lake lilishatoka na hakuwa na shida yoyote hospitalini siku hiyo. Nilikuwa na roho juu. Amri nimeijaribu, lakini mashine ni mashine.

Dada akasema, "Mgonjwa." Watu wa kona wakatazamana kwa mazoea.

Kisha akasema jina la Shangazi. Moja tu, kwa ile sauti yake tulivu, likasikika mpaka kwenye ngazi. "Chumba cha macho."

Shangazi hakuinuka.

Nilidhani hakusikia. Nikamsogelea. "Shangazi, unaitwa."

"Nasikia."

"Sasa inuka!"

"Mwache aseme tena. Mwalimu alichukua muhula mzima."

Dada hurudia mpaka mgonjwa atokee. Akalisema tena. Muuguzi akatokea mlangoni na miwani yake, akitafuta kulia na kushoto. Mama muuza mkaa akaanza kucheka kwa kufunika mdomo. Seremala akasema, "Mama, hata sisi sasa tumelijua." Dada akalisema mara ya tatu, bila kuongeza kitu na bila kungoja kitu, na nikaona midomo ya Shangazi inalifuata.

"Nipo!" akasema, kwa sauti iliyowageuza watu wa dirisha la mwisho. Akanikabidhi kigoda nimshikie, akaukataa mkono wangu, akaenda akipapasa hewa mpaka mlangoni.

Mimi bado najieleza mpaka leo. Kampuni imelalamika, kuna kamati, na kila mara wananiuliza kama najutia kugusa amri isiyo yangu. Nasema sijutii na nitaigusa tena. Vikao ni virefu na viti vyao ni vya mbao, kwa hiyo Shangazi amenishonea mto wa kukalia, wa kitambaa cha maua. Maua yote yameelekea juu.